Sauti Isiyosikika: Historia ya Programu Jalizi za Vivinjari na Hatima ya Kiswahili Kilichorekodiwa



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu huenda ikaonekana ngeni katika ukumbi uliozoea kusikia habari za tenzi, lahaja na sarufi. Nakusudia kuzungumzia zile programu ndogo zilizokuwa zikipachikwa kwenye vivinjari vya intaneti ili viweze kutoa sauti na picha zinazosogea. Nitazungumzia zaidi kushindwa kwake, maana katika kushindwa huko ndiko ilikojificha historia inayotuhusu.

Kwa takriban miaka ishirini na mitano, kuanzia 1995 hadi 2020, mtu aliyetaka kusikia sauti kupitia kwenye Wavuti alilazimika mara nyingi kuwa na programu ya ziada. Programu hiyo ikikosekana, au ikigombana na nyingine, sauti haikusikika. Vizazi vya wanafunzi na wahadhiri vilijifunza kutafuta kasoro hiyo kama fundi atafutavyo kasoro ya redio. Leo ufundi huo umekwisha kazi, lakini kumbukumbu zilizoutegemea bado zipo, na baadhi yake haziwezi kufunguliwa.

Hoja ninayoitetea ina sehemu mbili. Kwanza, hitilafu hizo mara nyingi hazikuwa katika sauti iliyorekodiwa, bali katika makubaliano baina ya vyombo vilivyoibeba sauti hiyo. Pili, Kiswahili cha maandishi kilivuka kipindi hicho kwa usalama, ambapo Kiswahili cha mdomo hakikuvuka kwa usalama huo. Nasi, kwa kuridhika na usalama wa maandishi, hatukuishughulikia ipasavyo hatari iliyoikabili sauti.

2.0 Istilahi

Ni desturi njema kuanza na maneno. Kivinjari ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi vinjari, yaani kuzungukazunguka kwa kuchunguza au kulinda. Wapo pia wasemao kisakuzi, kutokana na sakua. Maneno yote mawili yanataja programu ambayo mtumiaji huitumia kufungua kurasa za Wavuti.

Programu jalizi ni istilahi iliyopata nafasi katika tafsiri za programu za kompyuta. Neno jalizi linatokana na jaliza, yaani kujaza palipopungua. Istilahi hii inaeleza jambo lenyewe kwa usahihi. Kivinjari kilikuwa na upungufu, na programu ya kampuni nyingine ikaja kuujaza. Ndani ya maana hiyo mna chimbuko la tatizo lote: aliyejaza upungufu hakuwa mwenye chombo, na mwenye chombo hakuwa na mamlaka juu ya aliyejaza. Mtumiaji alikuwa katikati yao, na aghalabu hakujua amlalamikie nani.

3.0 Chimbuko la programu jalizi

Wavuti ilibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, na ilikuwa kwanza kabisa chombo cha maandishi. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwazoesha watu kuona picha ndani ya ukurasa uleule wenye maandishi. Sauti na video hazikuwa na bahati hiyo. Kivinjari kilipokutana na faili la sauti, kililikabidhi kwa programu saidizi iliyosimama peke yake nje ya ukurasa.

Ili makabidhiano hayo yawezekane, kivinjari kilihitaji kujua faili ni la aina gani. Hapa ikaazimwa kanuni ya barua pepe. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitangaza utaratibu uitwao MIME, ambao huipa kila aina ya data lebo yenye sehemu mbili, kwa mfano text/plain kwa maandishi matupu au image/gif kwa aina mojawapo ya picha. Seva inapotuma faili hutanguliza lebo hiyo, na kivinjari huisoma kabla ya kuamua la kufanya. Naomba lebo hii ikumbukwe, kwa sababu tutakutana nayo tena.

Mwezi Aprili 1995 kampuni ya Progressive Networks ya Seattle, iliyoanzishwa na Rob Glaser, ilitoa RealAudio. Kabla ya hapo msikilizaji alipaswa kulipakua faili zima ndipo alisikilize. RealAudio ilileta mtiririko: sauti ilisikika huku ikiendelea kupokewa, hata kwa modemu ya simu. Mwaka 1997 kampuni hiyo ilijiita RealNetworks.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na kampuni ya Netscape. Toleo la 2.0 la kivinjari chake, lililokamilika mwaka 1996, liliweka njia rasmi ya kuziruhusu programu za nje kufanya kazi ndani ya ukurasa wenyewe. Macromedia ilileta Shockwave. Mwishoni mwa mwaka huohuo iliinunua kampuni ndogo iliyokuwa na programu ya katuni iitwayo FutureSplash, na programu hiyo ikabatizwa jina la Flash. Apple ilikuwa na QuickTime tangu 1991, na ikaitengenezea programu jalizi. Microsoft nayo ilishika njia yake yenyewe, iliyoitwa ActiveX, katika Internet Explorer ya 1996.

Hivyo basi, katika muda usiozidi miaka miwili, ukurasa mmoja wa Wavuti uliweza kudai programu nne au tano za makampuni tofauti ili uonekane na kusikika kama alivyokusudia mtungaji wake.

4.0 Mnyororo wa makubaliano

Sasa tutazame jinsi hitilafu zilivyotafutwa. Fundi mwenye uzoefu hakuanza kwa kubahatisha. Alifuata njia ya faili kutoka kwenye seva hadi kwenye sikio, akauliza swali moja katika kila kituo.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, programu jalizi ipo? Katika Netscape, na baadaye katika Firefox, mtumiaji aliandika about:plugins mahali pa anwani, na kivinjari kikaorodhesha programu jalizi zote zilizosakinishwa pamoja na lebo za MIME ambazo kila moja ilidai kuzihudumia. Iliyokosekana iliwakilishwa ndani ya ukurasa na alama ya kipande cha chemshabongo. Watumiaji wengi wa miaka hiyo waliizoea alama hiyo kuliko walivyoizoea sauti waliyokuwa wakiitafuta.

Swali la pili: je, seva imetaja lebo sahihi? Mfano bora ni faili la RealAudio lenye kiishio .ram. Faili hilo halikuwa na sauti ndani yake. Lilikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi, yaani anwani ya mahali sauti ilipo. Seva iliyofunzwa vizuri ililituma kwa lebo ya audio/x-pn-realaudio, na kivinjari kikaiita RealPlayer. Seva isiyofunzwa ililituma kama maandishi matupu. Kivinjari kilitii lebo, kikamwonyesha mtumiaji ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa herufi. Mtumiaji angeweza kuisakinisha upya RealPlayer mara kumi bila mafanikio, kwa maana kasoro haikuwa kwake. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuongezwa kwenye mipangilio ya seva.

Jambo hili lilizidi kutatanisha kwa sababu Internet Explorer haikuiamini lebo kila mara; ilikuwa na tabia ya kuchungulia yaliyomo na kukisia aina ya faili. Matokeo yake, ukurasa wenye kasoro uliweza kufanya kazi katika kivinjari kimoja na kushindwa katika kingine. Aliyetengeneza ukurasa, kwa kuujaribu katika kivinjari kimoja tu, alidhani kazi yake haina dosari.

Swali la tatu: je, njia ya mtandao iko wazi? Kurasa za kawaida hupita kwenye mlango namba 80. Mitiririko ya RealAudio ilipita kwanza kwenye mlango namba 7070, na baadaye, kwa itifaki ya RTSP iliyotangazwa mwaka 1998, kwenye mlango namba 554. Taasisi nyingi zilifunga milango yote isipokuwa ile ya kurasa na barua pepe. Mwanafunzi aliuona ukurasa ukifunguka vizuri, programu jalizi ikiwapo, lebo ikiwa sahihi, na bado akapata kimya.

Swali la nne: je, ni programu ipi iliyolishika faili? RealPlayer, QuickTime na Windows Media Player kila moja, wakati wa kusakinishwa, iliweza kujitangaza kuwa ndiyo mwenyeji wa aina fulani za mafaili. Iliyosakinishwa mwisho ndiyo iliyotawala, hata kama haikuweza kulicheza faili lenyewe. Swali la tano lilihusu matoleo na aina ya mashine: programu jalizi iliyoandikwa kwa prosesa ya biti 32 haikukubali kuingia moja kwa moja katika kivinjari cha biti 64. Flash yenyewe haikupata toleo kamili la biti 64 hadi mwaka 2011.

Ukiyatazama maswali haya matano utaona kwamba hakuna hata moja linaloihusu sauti yenyewe. Sauti ilikuwa nzima mahali ilipo. Kilichovunjika kilikuwa pingu moja ya mnyororo: lebo, mlango, toleo, au dai la umiliki. Huu ndio msingi wa sehemu ya kwanza ya hoja yangu.

5.0 Hali ya Afrika ya Mashariki kabla ya mwaka 2009

Maswali hayo matano yaliulizwa kote duniani, lakini katika ukanda wetu yaliongezeka uzito. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika ya Mashariki haikuwa imeunganishwa na dunia kwa kebo ya nyuzi za kioo ipitayo chini ya bahari. Mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti zilizo angani, umbali wa takriban kilomita 36,000. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Safari hizo nne peke yake huchukua karibu nusu ya sekunde, hata kama njia haina msongamano. Aidha njia yenyewe ilikuwa nyembamba na ghali, na watu wengi waliigawana.

Fikiria programu jalizi yenye ukubwa wa megabaiti 5. Kwa modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, bila kukatika hata kidogo, upakuaji wake ungechukua takriban dakika ishirini. Katika mikahawa ya intaneti dakika hizo zililipiwa. Katika maabara za taasisi, mtumiaji wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kusakinisha chochote. Hivyo alama ya chemshabongo, ambayo kwa mwanafunzi wa Ulaya ilikuwa usumbufu wa muda mfupi, kwa mwanafunzi wa huku mara nyingi ilikuwa mwisho wa safari.

Ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa nyenzo za sauti za Kiswahili zilizowekwa kwenye Wavuti zilianza kupatikana katika miaka hiyohiyo. Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, kiliandaa mafunzo ya Kiswahili kwa Kompyuta, yajulikanayo kwa kifupi KIKO, yenye video na sauti za wazungumzaji. Idhaa za kimataifa nazo zilianza kutoa matangazo yake kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo ilitokea hali ya kushangaza: sauti ya mzungumzaji wa Kiswahili ilisikika kwa urahisi zaidi Atlanta au London kuliko Morogoro au Lamu.

Kebo ya SEACOM ilianza kufanya kazi Julai 2009, ikafuatwa na TEAMS na EASSy. Njia ilipanuka, na baadhi ya matatizo niliyoyataja yakapungua. Lakini wakati huo mfumo wenyewe wa programu jalizi ulikuwa umekwisha kuanza kuyumba.

6.0 Hitilafu zilizotoka katika biashara na mahakama

Si kila kimya kilitokana na mashine. Mwaka 2001 Microsoft iliondoa katika Internet Explorer uwezo wa kupokea programu jalizi zilizoandikwa kwa mtindo wa Netscape. Ukurasa uliofanya kazi jana haukufanya kazi leo, na dawa ilikuwa kuuandika upya kwa mtindo wa ActiveX.

Mfano wa pili unavutia zaidi. Kampuni ya Eolas, pamoja na Chuo Kikuu cha California, ilikuwa na hataza iliyotolewa mwaka 1998 kuhusu wazo la kuendesha programu ndani ya ukurasa wa Wavuti. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama mjini Chicago liliamua kwamba Microsoft iilipe fidia ya takriban dola milioni 521. Kesi iliendelea kwa rufaa, na mwaka 2006 Microsoft ilibadili Internet Explorer ili programu jalizi isianze kuitikia mpaka mtumiaji aibofye kwanza. Watumiaji waliona kitufe kisichoitikia, wakadhani kimeharibika. Pande mbili zilipatana mwaka 2007, na kikwazo kikaondolewa mwaka 2008.

Mwanafunzi aliyekuwa akibofya bila kupata jibu hakuweza kujua kwamba kasoro aliyokuwa akiitafuta katika kompyuta yake ilikuwa katika jalada la mahakama. Historia ya teknolojia ya lugha haiwezi kuandikwa kwa kutazama mashine peke yake.

7.0 Kuondoka kwa programu jalizi

Flash ilipata nguvu kubwa baada ya toleo lake la sita, la mwaka 2002, kuweza kucheza video. YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilijengwa juu yake. Mwaka huohuo Adobe iliinunua Macromedia. Ilionekana kana kwamba mzozo umekwisha, kwa kuwa programu jalizi moja ilikuwa imewashinda wenzake.

Haikuwa hivyo. Simu ya Apple iliyotoka mwaka 2007 haikuikubali Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs alieleza hadharani sababu za kuikataa, zikiwamo usalama na matumizi ya betri. Mwishoni mwa 2011 Adobe iliacha kuiendeleza Flash kwa ajili ya simu. Mwezi Oktoba 2014 toleo la tano la HTML lilipitishwa rasmi, likiwa na alama mahususi za sauti na video zisizohitaji programu ya nje. Chrome iliacha kuzipokea programu jalizi za mtindo wa Netscape mwaka 2015. Firefox ikafuata mwaka 2017, ikibakiza Flash peke yake kwa muda. Huduma ya Flash ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ilikataa kucheza.

Haifai kuuomboleza mfumo huo kupita kiasi. Programu jalizi ziliendeshwa kwa mamlaka karibu yote aliyonayo mtumiaji katika kompyuta yake, na kwa sababu hiyo ziligeuka kuwa mlango wa wahalifu. Kuondoka kwake kumeleta nafuu kubwa kwetu, kwani watu wengi wa Afrika ya Mashariki huifikia intaneti kwa simu ya mkononi, na simu ya bei nafuu leo hucheza sauti bila kuomba chochote.

Hata hivyo, nafuu hiyo ni ya nyenzo mpya. Nyenzo za zamani ziliachwa upande wa pili wa mto baada ya daraja kuondolewa. Ile njia ya fundi, ya kuuliza swali moja katika kila kituo, haisaidii tena, kwa kuwa vituo vyenyewe havipo.

8.0 Maandishi yaliyosalimika na sauti iliyopotea

Naja sasa kwenye sehemu ya pili ya hoja yangu. Kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti, iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, na hifadhi ya matini za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Helsinki, iliyojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, ni kazi za maandishi. Hazikuhitaji programu jalizi ili zisomeke. Tena Kiswahili sanifu kina bahati ambayo lugha nyingi hazina: hati yake ya Kilatini haina alama za juu wala za chini. Hata ng' huandikwa kwa alama iliyomo katika kila kibodi. Wakati wasomaji wa Kiamhari, Kiarabu au Kiyoruba wakihangaika na herufi zilizogeuka kuwa visanduku vitupu, maandishi ya Kiswahili yalipita katika kila kivinjari tangu siku ya kwanza.

Bahati hiyo ilitupumbaza. Tulidhani kwamba Kiswahili kimo salama ndani ya intaneti, kumbe kilichomo salama ni nusu yake. Hati inayopita kila mahali inapita kwa sababu imeacha mengi nyuma. Mzungumzaji wa Kimvita au Kiamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi inayofuata sauti ya p katika neno la pili. Maandishi sanifu hayaionyeshi pumzi hiyo. Iko katika sauti peke yake, na sauti ikikosekana, ushahidi umekosekana.

Hata pale programu jalizi ilipofanya kazi, tusidhani tulisikia yote. RealAudio ya mwanzo ilichukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, na kwa kanuni ya hisabati haikuweza kubeba mawimbi yanayozidi hertz 4,000. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya s iko juu ya kiwango hicho. Msikilizaji wa faili la namna hiyo angeweza kushindwa kupambanua thamani na samani iwapo muktadha haukumsaidia. Kwa mwanafonetiki, faili linalocheza vizuri laweza kuwa limepoteza kilekile anachokitafuta.

Tulinganishe na chombo cha zamani zaidi. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kurekodi sahani za santuri. Karibu karne moja imepita. Sahani ya wakati ule isiyovunjika bado inaweza kuchezwa leo, kwa sababu mfuo ulioshika sauti unaonekana kwa macho, na yeyote mwenye sindano na mzunguko wa kasi inayofaa anaweza kuisoma. Faili la mwaka 1998 halina mfuo unaoonekana. Asiyejua kanuni iliyolitunga hana pa kuanzia.

Lipo pia jambo lililo zito zaidi. Internet Archive, iliyoasisiwa na Brewster Kahle mwaka 1996, imehifadhi nakala za kurasa nyingi za zamani. Lakini mitambo ya kuhifadhi iliundwa kufuata viungo vya kurasa za kawaida, si mitiririko ya RTSP. Kwa hiyo kurasa zaweza kuwamo, na faili la .ram laweza kuwamo, likiwa na ule mstari mmoja wa anwani. Seva iliyotajwa katika anwani hiyo ikiwa imezimwa, tunabaki na jina la mahali sauti ilipokuwa, na sauti yenyewe haipo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa yametokea kinyume chake: daftari limebaki, mali imekwisha.

9.0 Nini kifanyike

Hali si ya kukatisha tamaa. Palipo na faili lenyewe, mara nyingi ipo njia. Programu huria ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, inaweza kuyasoma maumbizo mengi ya RealAudio na kuyahamishia kwenye maumbizo ya leo. Programu ya Ruffle huiga kazi ya Flash ndani ya kivinjari cha kisasa, na tangu Novemba 2020 Internet Archive imeitumia kuzifufua kazi za Flash. Shockwave ya Macromedia ni ngumu zaidi kufufuliwa, na hivyo yapasa ipewe kipaumbele.

Napendekeza mambo matatu kwa idara na taasisi za Kiswahili.

La kwanza ni kufanya hesabu. Kila taasisi itazame katika seva zake za zamani, katika sidii za wahadhiri waliostaafu na katika diski za miradi iliyokwisha, na kuorodhesha mafaili yenye viishio kama .ra, .rm, .swf, .dcr na .mov. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, na mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuifanya.

La pili ni kutafuta kanda asilia. Faili la Wavuti lilikuwa nakala iliyobanwa ili ipite katika njia nyembamba. Kama kanda au rekodi ya kwanza bado ipo, hiyo ndiyo ya kuokolewa. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, unataka nakala ya hifadhi iwe na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, kila moja ikiwa na biti 24, katika umbizo la wazi lisilobanwa. Nakala za kusikiliza zinaweza kutengenezwa kutokana na hiyo wakati wowote.

La tatu linahusu kazi tunazozifanya leo. Rekodi za lahaja, masimulizi na ngoma zinawekwa sasa katika mifumo ya makampuni ambayo, kama zile programu jalizi, si yetu. Zinasikika vizuri leo. RealAudio nayo ilisikika vizuri mwaka 1998. Mtafiti anayewasilisha tasnifu yenye data ya sauti atakiwe kukabidhi maktaba rekodi kamili, pamoja na maelezo ya nani amesema, wapi, lini, na kwa umbizo gani.

10.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba historia ya programu jalizi ni historia ya makubaliano yaliyofanyika bila sisi kuwapo, na kuvunjwa bila sisi kuulizwa. Waliokuwa wakitafuta kasoro katika kompyuta zao walifunzwa jambo lenye thamani kuliko walivyodhani: kwamba kati ya msemaji na msikilizaji wamesimama wengi, na kila mmoja anaweza kuinyamazisha sauti.

Wazee waliorekodiwa katika miaka ya tisini, wengi wao hawapo tena. Hatuwezi kurudi kuwauliza watamke upya neno la Kimtang'ata au la Kitikuu. Tunachoweza ni kuyatafuta mafaili na kanda zao kungali na watu wanaokumbuka yalipowekwa, na kungali na mashine zinazoweza kuyafungua. Kazi hiyo ina muda wake, na muda huo si mrefu.